Kufuli kwenye Pampu ya Asorebiisi

Siku Ayinpoka alipokwenda kuifunga pampu ya kwao, wanawake wa Asorebiisi walimpokea kwa vigelegele. Walidhani ameleta mpini mpya, kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa ukilia kama punda mwenye njaa kila unaposukumwa. Walikuwa kwenye foleni na ndoo zao, mikono haitulii, kila mmoja anasuka kikapu chake cha kupeleka soko la Bolga. Ayinpoka aliegesha pikipiki ya ofisi ya afya ya wilaya, na nyuma yake akashuka fundi Bayuo na mfuko wake wa spana.

"Jamani, Mdagaaba huyo! Ficheni mbwa wenu!" alipaza sauti Yaaba Lariba. Huyu alikuwa bibi kizee, kiongozi wa wasusi wa vikapu, na kijiji kizima kilimwita Yaaba, yaani bibi, hata wazee waliokaribiana naye umri.

"Mimi nataka kichwa tu, bibi," akajibu Bayuo. Wafrafra na Wadagaaba ni watani tangu enzi za mababu, na mbwa ndiye nyama ya utani wao. "Mwili wote bakini nao. Kichwa hamjui kukipika, mnaunguza masikio."

"Kata chako basi. Kilivyo kikubwa kitalisha ukoo."

Watu wakaangua kicheko. Ayinpoka naye alicheka, na kama ilivyokuwa desturi yake, aliinua kiganja akauziba mdomo. Kisha Bayuo akapiga goti, akaanza kulegeza nati za mpini, na kicheko kikafa kimoja kimoja kutoka mwanzo wa foleni hadi mwisho.

"Fundi, mbona unautoa na mwingine hatuuoni?"

"Muulizeni mkubwa wangu," Bayuo akasema, bila kuinua uso.

Ayinpoka akasimama juu ya zege la pampu. "Mama zangu, maji haya tumeyapima. Yana madini yanayotoka kwenye mwamba, yanaitwa floraidi, nayo yamezidi mno. Ndiyo yanayotutia meno kutu, ndiyo yanayowakaza wazee wetu migongo. Haya maji ni sumu. Kuanzia leo hakuna kuyanywa. Lori la maji litakuja kila wiki mpaka tuchimbiwe kisima kingine."

Watu walitazamana. Talata, mke wa Abugre, mdogo wake Ayinpoka, alisogea mbele na mtoto mgongoni. Tangu aolewe pale alikuwa akimwita wifi yake "mume wangu", kama wanavyofanya wanawake wa huko kwa dada za waume zao, na Ayinpoka alizoea kumjibu kwa kumdai chakula.

"Mume wangu, nauliza tu. Na lori lisipokuja?"

"Litakuja. Mimi si mtoto wa hapa? Nitawadanganyaje?"

Bayuo akauweka mpini ndani ya gunia, akapitisha mnyororo kwenye shingo ya pampu, akafunga kufuli.

Kusema kweli, Ayinpoka hakudanganya. Aliamini. Aliamini kwa nguvu kuliko alivyopaswa, na sababu ya kuamini huko ilikuwa kinywani mwake.

Alikua akinywa maji yale yale. Meno yake yaliota na michirizi ya kahawia na vishimo vishimo, kama kibuyu kilichotobolewa na wadudu. Utotoni hakujua kwamba ana ila yoyote, kwa kuwa watoto wote aliocheza nao walikuwa na kinywa kama chake. Alipokwenda chuo cha afya Tamale ndipo alipojulishwa. Wenzake walimbatiza jina, Bati Kuukuu, na jina likakaa mpaka siku ya kumaliza. Baadaye akatokea mwalimu mmoja wa Navrongo, kijana mpole, akampenda na kumpeleka kwao. Mama wa kijana alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamtania. Ayinpoka akasahau nafsi yake, akacheka. Alipotoka uani alimsikia mama yule akimwambia mwanawe kwa sauti ya chini, "Na wajukuu wangu nao watacheka hivyo?" Mwalimu hakuvunja uchumba. Alipunguza tu kuja, mwezi baada ya mwezi, hadi kuja kwenyewe kukaisha.

Kwa hiyo majibu ya maabara yalipofika, Ayinpoka hakuhitaji kufikiri sana. Na hata kama si meno, alikuwapo baba yake mdogo, Atia, ambaye mifupa ya shingo na mgongo ilikuwa imeshikana mpaka anatembea akitazama vidole vya miguu yake. Akitaka kuona mbingu sharti alale chali. Nani angesema hilo si dhara?

Mkuu wake wa kazi, Bwana Quaye, mtu wa Accra aliyekuwa akihesabu siku za kurudi pwani, alimuuliza swali moja tu la maana. "Lori likichelewa, watu wako watakunywa nini?"

"Kuna lambo la mifugo. Tutawafundisha kuchemsha."

Alilisema upesi, kama mtu anayefukuza nzi. Alijua fika kwamba mama yake mzazi hakuwahi kuchemsha maji ya kunywa maisha yake yote. Alijua kuni zinatafutwa mbali, na zikipatikana ni za kupikia ugali wa uwele, hazibaki. Lakini moyo ulikuwa umeshatangulia. Ulikuwa unawaona wasichana wa Asorebiisi wakicheka Tamale na mikono yao imeshuka.

Lori lilikuja. Lilikuja wiki ya kwanza kwa honi na shangwe, likaja ya pili likiwa nusu, kisha likapitisha wiki mbili. Ayinpoka alipiga simu, alikwenda kwa dereva, alikaa mlangoni kwa Bwana Quaye. Leo dizeli hakuna, kesho tairi, keshokutwa lori limeazimwa kwa ajili ya sherehe ya mkubwa fulani. Halafu mvua zikaanza, barabara ikakatika, na hapo hata uongo haukuhitajika tena.

Wanawake wakarudi lamboni. Ng'ombe wanaingia upande huu, mtu anachota upande ule, na mvua inasomba kila kilichoachwa maporini na kukiteremsha humo humo. Maji yalikuwa na rangi ya pombe ya mtama. Ayinpoka alipita nyumba kwa nyumba na vidonge vya kutibu maji alivyopewa, vikaisha kabla hajafika nusu ya kijiji. Alifundisha kuchemsha. Watu walimsikiliza kwa heshima, wakamshukuru, wakamsindikiza hadi kwenye pikipiki.

Wa kwanza kufa alikuwa kichanga wa upande wa juu, na watu walisema ni homa. Akafuata mtoto mwingine, na neno homa likaanza kusemwa kwa kusitasita. Kisha Abugre akampigia dada yake simu ya alfajiri.

"Njoo. Awine hashiki kitu tumboni. Anatoka maji matupu."

Alikwenda mbio akitapakaa matope. Awine, mtoto wa mwisho wa Talata, alikuwa amelegea kama kitambaa, macho yameingia ndani, ngozi ukiibana inabaki imesimama. Ayinpoka alimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, yakarudi. Akasema wampeleke zahanati asubuhi ile ile. Talata alipanda nyuma ya pikipiki, mtoto katikati yao, kanga imewafunga wote watatu pamoja.

Kijito cha kuelekea zahanati kwa kawaida ni mchanga mtupu. Siku hiyo kilikuwa kimejaa, kinasukuma magogo. Walisimama ukingoni na watu wengine waliokwama, wakisubiri maji yapungue. Ayinpoka aliita ng'ambo, akapiga simu kwa muuguzi, akaingia kwenye maji hadi kiunoni, akavutwa kurudi na wanaume wawili. Aliporudi ukingoni Talata alikuwa ameketi kwenye jiwe, amemweka mtoto mapajani, anampepea nzi.

"Usihangaike tena," akasema.

Ayinpoka akapiga magoti. Talata alikuwa akimtazama mtoto mdomoni.

"Meno yake manne yalishaota," alisema taratibu. "Meupe kabisa. Umeona, Madamu? Amekwenda na meno meupe."

Ayinpoka alikuwa na maneno mengi ya kufariji wafiwa, alifundishwa chuoni na nyumbani.  Lakini alichosikia ni lile neno Madamu, ambalo Talata hakuwahi kumwita tangu aingie nyumba ile.

Walimzika jioni hiyo, kwa kimya, kama wanavyozikwa wadogo. Abugre hakumlaumu dada yake. Alimletea kigoda, akamuuliza kama amekula. Hilo lilikuwa zito kuliko matusi.

Kesho yake Ayinpoka alikuwa mbele ya meza ya Bwana Quaye, nguo bado zina tope.

"Mkuu, naomba ruhusa ya kufungua pampu."

Bwana Quaye alivua miwani. Hakuwa mtu katili. Alimpa pole, na ilikuwa pole ya kweli. "Ayinpoka, kaa kwanza. Kipimo kilichozidi, ni nani alileta hapa? Sahihi chini yake ni ya nani?"

"Yangu."

"Sasa nikiifungua nikijua kuna sumu, kesho mtu akipinda mgongo, ataulizwa nani?"

"Na hawa wanaokufa sasa hivi?"

"Hawa wameuawa na kuhara. Kuhara kunakuja kila masika, kulikuwapo kabla yangu, kutakuwapo baada yangu. Hakuna atakayeniuliza." Maneno yake yalionekana kumshtua mwenyewe. Akavaa miwani. "Mimi sikuzitunga sheria hizi, binti yangu. Fundisha watu kuchemsha."

Ayinpoka alitoka nje akajiegemeza kwenye ukuta wa ofisi. Alitaka kumchukia yule mzee, akashindwa, maana alichosema ndicho hasa alichokifanya yeye mwenyewe. Naye alikuwa amechagua kuzuia dhara aliloliogopa, na lile asiloliogopa akawaachia watu wengine.

Siku ya tatu, ambayo haikuwa siku ya soko, aliwaita watu kwenye pampu. Naba, chifu wao, alikuwa Kumasi kwa matibabu, akatoa idhini kwa simu. Walikuja wengi, wanawake mbele, wanaume nyuma wakiwa wamesimama na majembe. Hakuna aliyepiga kigelegele.

"Siku ile niliwaambia nusu," Ayinpoka alianza. "Niliwaambia maji haya ni sumu. Sikuwaambia ni sumu ya namna gani. Maji ya pampu huwaharibu meno watoto wadogo, yale meno yanayotengenezwa ndani kabla hayajaota. Na kwa baadhi ya watu, si wote, baada ya kuyanywa miaka mingi sana, mifupa hukakamaa. Nani itampata na nani itamwacha, mimi sijui, na waliosoma kunizidi hawajui. Maji ya lambo ni mengine. Hayo huua mtoto kwa siku mbili. Mlipaswa kuyajua yote mawili, mchague wenyewe. Mimi niliwachagulia. Na nilichagua kwa haya." Akashusha mkono, akaonyesha meno yake mbele ya watu wote, jua likimpiga usoni.

Hakuna aliyecheka. Wengi wao walikuwa na meno kama yale yale, wakawa wanashangaa anachoonyesha.

"Meno tu?" mwanamke mmoja akauliza. "Kwa ajili ya meno?"

"Si meno tu!" Ilikuwa sauti ya Baba Mdogo Atia. Alisogea katikati na fimbo yake, akisema na ardhi kwa kuwa hakuwa na namna nyingine. "Msimfanye binti mjinga. Usifungue, Ayinpoka. Nyinyi mnasema polepole, polepole, kama vile polepole haifiki. Imefika kwangu. Uso wa mke wangu sijauona nikiwa nimesimama, mpaka tumemzika. Mnajua kulala kukiwa hakuna upande usiouma?"

Watu waliinamisha vichwa. Yaaba Lariba ndiye aliyemjibu, na alimjibu kwa upole.

"Mdogo wangu Atia, maumivu yako ni yetu sote. Lakini mgongo wako umepinda ukiwa na wajukuu wa kukushika mkono. Yule mtoto wa Abugre hakupewa hata mgongo wa kupinda."

Talata alikuwa amesimama pembeni. Alisikia jina la mumewe, akageuza uso.

"Hivi mnasikia tunavyobishana?" akadakia mama mmoja kijana, mwenye ujauzito mkubwa. "Tunachagua kati ya sumu na sumu, kama tunachagua kitambaa dukani. Mbona watu wa mjini hawaitwi mkutano wa namna hii? Wao wanafungua bomba."

"Sina jibu la hilo, dada," Ayinpoka akasema.

"Basi kaa na swali hilo, lisikutoke."

Walibishana mpaka jua likawa kali. Mwishowe wakaafikiana nusunusu: pampu ifunguliwe, wakubwa wanywe. Watoto wadogo na wajawazito wapewe maji ya mvua yatakayokingwa kwenye mabati, na mtu asiyekuwa na paa la bati agawiwe na mwenye nalo. Kwenye kugawiwa huko ndipo miguno ilipozuka. "Bati langu lenyewe ni la choo," alisema mwenye bati mmoja, na wenye paa za nyasi wakamwambia hata la choo linakinga. Atia hakuafiki. Alisema hatakunywa tena tone la pampu ile maisha yake, akaondoka.

Bayuo aliletwa na gunia lake la mpini. Alisimama mbele ya kufuli, anakuna kisogo.

"Bwana Quaye akiniuliza nimefunguaje?"

"Mwambie nimekuamuru," alisema Ayinpoka.

"Hapana, mama. Wewe una mzigo wako." Akalifungua kufuli, akachukua spana. "Nitamwambia Wafrafra walinizingira, wakataka kichwa changu, nami kichwa changu nakipenda."

Watu wachache walitabasamu. Mpini ukarudishwa, ukaanza kulia kama zamani, na maji yakatoka safi, ya baridi, yanametameta. Ayinpoka aliyatazama yakijaa ndoo ya kwanza. Hakuwahi kuona kitu kizuri kilichomtisha namna ile.

Kuhara kulipungua, kukapotea kabla ya mavuno. Ayinpoka hakungoja kusemewa. Alikwenda mwenyewe kumwambia Bwana Quaye alichofanya. Yule mzee alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Ungeniacha nisijue." Baada ya muda mfupi Ayinpoka aliondolewa kazi za vijijini, akawekwa kaunta ya vibali vya wauza vyakula. Bayuo alipewa onyo, akalitundika ukutani kwake kama cheti.

Na ile mashine ya kuchimba kisima kipya ilikuja kweli, kiangazi kilipoanza, baada ya Ayinpoka kuandika na kupiga simu hadi wakamchoka. Ilipiga mwamba siku kadhaa, kijiji kizima kimeketi kutazama. Maji yalipatikana, watu wakacheza ngoma. Yalipopimwa yakaonekana yamezidi yale ya kwanza kwa ubaya. Wachimbaji wakafunga vyuma vyao wakaenda wilaya nyingine.

Upepo wa vumbi ulipotanda, mitungi ya maji ya mvua ilikwisha, kwanza ya wenye bati dogo, halafu ya wote. Ayinpoka alikwenda Asorebiisi Jumapili moja, kwa miguu yake kutoka barabara kuu, hana tena pikipiki. Alipita karibu na pampu. Akina mama walikuwa wakichota, na mmoja alimnywesha mtoto wake pale pale kwa kata, mtoto wa kuanza kutambaa. Mama yule alimwona Ayinpoka akiangalia. Hakuficha kata. Walisalimiana vizuri.

Kwa Abugre alimkuta Talata peke yake, anapepeta uwele. Tangu msiba walikuwa wakisalimiana kwa maneno ya lazima tu. Talata alimvutia kigoda, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maji yaliyovurugwa unga, kinywaji apewacho mgeni. Alionja kwanza yeye, kama ilivyo adabu, akamkabidhi kwa mikono miwili. Ayinpoka akanywa, akampokeza.

 Kuku walikuwa wakiparua makapi.

"Nina mimba," Talata akasema. "Abugre hajui bado." Akaweka ungo chini. "Sasa niambie wewe uliyesoma, na usinifiche kama siku ile. Huyu nimpe maji gani?"

Ayinpoka aliona maneno ya ofisini yakimjia, akayaacha yapite.

"Mpaka utakapojifungua, kunywa ya pampu. Ya lambo usiyaguse. Akizaliwa, mpe ziwa tupu, hata tone la maji usimpe, mpaka miezi sita iishe. Hapo itakuwa karibu na masika, tutakinga mvua. Nitakununulia pipa."

"Na mvua ikiisha?"

"Ikiisha utampa ya pampu. Na atakuwa na meno kama yangu."

"Na mgongo?"

"Sijui, Talata. Huenda ndiyo, huenda hapana. Mtu akikuambia anajua, anakudanganya."

Talata alimtazama kwa muda, si kwa hasira wala kwa msamaha, kama mtu anayepima uzito wa mzigo kabla ya kuunyanyua. Halafu akavuta ungo wake.

"Pipa liwe na mfuniko," akasema, akaendelea kupepeta.